Maneno Kumi na Tano

Chumba tulichopewa ni stoo ya zahanati, Langoni.
Meza ina miguu mitatu na tofali.
Nje, punda aliyeleta saruji anagombana na mlango.
Nasoma neno moja kwa sekunde moja,
sauti bapa, nisionyeshe lipi nalipenda:

jiwe, shati, njia, ufunguo, mchele,
ndugu, mvua, kisima, sabuni, mbuzi,
taa, barua, kidole, mji, nazi.

Hayana ukoo. Yalichaguliwa kwa kukosa ukoo,
ili akili isiyafunge pamoja kama kuni.

Mwalimu Shekuwe Lali, miaka sabini na minne,
kumi na sita ya masomo, kalamu mfukoni mwa kanzu,
aliyapanga: vyakula mbele, vyombo nyuma,
kama apangaye darasa kwa vimo.
Akapata kumi, akanuna.
"Umesoma mbio, binti."
Sikusoma mbio.

Zamzam wa kidato cha nne alimwaga kumi na manne
akiikodolea macho simu aliyoambiwa aizime.

Kisha Bi Khulthumi Bwanaheri.
Umri? "Mwaka waliokufa punda, ndipo nilipozaliwa."
Tukakadiria, mimi na mjukuu wake: sabini na mmoja.
Miaka ya shule?
Alicheka hata ushungi ukamteleza.
"Andika sufuri, mwanangu. Ila iviringe vizuri."
Chuoni alihifadhi juzuu tatu
kabla hajavunja ungo na kuwekwa ndani.
Fomu haina kisanduku cha chuo.

Akafumba macho. Hakupanga kitu; alitembea.
"Ndiani pana iwe. Yuu ya iwe, shati la nduu yangu.
Shatini, ufunguo. Mvua yaya.
Mtele uko nde, na mbuzi auona..."

Mwongozo wasema: neno liandikwe kama lilivyosomwa,
vinginevyo ni kosa.
Iwe si jiwe. Ndia si njia.
Mtele. Mui.
Kalamu ikanisimama mkononi,
mimi niliyeinyonya lugha hii
nikaiacha kwenye geti la bweni, Mombasa,
siku niliyoomba mai wakacheka wote.
Nikatia vyema. Vyema. Vyema. Na vyema.

Kumi na mawili.

"Wanawake hushika maneno," msimamizi aliniambia,
kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari,
"hata waume wakiwazidi shule." Kwa nini?
Akapandisha mabega. Homoni, labda.
Nikamuuliza Bi Khulthumi, ingawa haimo katika fomu.
"Mume akisahau humuuliza mkewe.
Mimi nikisahau nimuulize nani?"

Nyuma ya mwongozo kuna jedwali.
Uzee una nyongeza yake, na safu ya sufuri
ina alama mbili za ziada,
ili asiyesoma asionekane mgonjwa.
Ni haki, najua. Nimefundishwa sababu zake.
Lakini naziandika kwa penseli na kujiuliza:
jedwali limemsamehe kosa gani?
Kakake Famau alishonewa kaptula ya skuli,
yeye akapewa ungo wa kupepeta.
Fidia imekuja baada ya miaka sitini,
alama mbili,
na hata hajui kuwa amelipwa.

Tukanywa chai ya tangawizi. Nusu saa ikapita.
Sasa sisomi tena; aliyebaki nayo ayataje.
Yakarudi kumi na moja, kwa ndia ile ile,
iwe likiwa mahali pake, mbuzi akiwa ameshiba.
Akanyamaza. Nilidhani amemaliza.
"Na daftari."

Nikasubiri, kama tulivyofunzwa kusubiri.
"Daftari halimo, Bi."

"Halimo?"
Alitazama mikono yake, huku na huku, kama aliyeangusha kitu.
"Basi Famau kalitwaa."

Chini ya fomu kuna mstari: maneno ambayo hayakuwamo.
Nikaandika: moja.